Ufunguo Mmoja, Milango Saba

Jumatatu, 3 Novemba

Shangazi Bimdogo ameondoka leo kwenda Umra. Mtaa mzima umemsindikiza. Kinamama wamelia, kila mmoja kampa dua ya kumpelekea Makka, na mimi nimembebea begi hadi kwenye gari. Nimelibeba polepole ili watu waone.

Lakini kabla hajaingia garini, kaniudhi! Kafungua fundo la leso yake. Anayemjua shangazi analijua fundo hilo. Funguo zote za ua wetu zimo mle tangu mumewe alipofariki, na mwenye fundo ndiye mwenye kauli: nani apangishwe, nani ahame, paa lipi lizibwe kwanza. Nimelingojea fundo hilo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nikanyoosha mkono. Akazigawa! Nusu kwangu, nusu kwa Nasiha, binti ami yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyecheka mpaka mwenzake ajikwae.

Nasiha kapata nyumba kubwa ya shangazi, nyumba anayokaa mwenyewe, na ile ya mpangaji wetu Kanze. Mimi nimepata nini? Chumba changu. Chumba cha madrasa. Ghala, ambalo ndani yake mna masufuria ya harusi na panya. Na nyumba ya shamba ng'ambo ya Likoni, ambayo mlango wake hufungwa kwa kamba ya nazi. Yaani nimepewa ufunguo wa kamba!

Ufunguo wa pili wa nyumba kubwa shangazi kauvaa shingoni kwa uzi. Kasema atauombea mbele ya Kaaba ili fitina isiingie nyumbani mwake. Halafu kasema mbele ya kadamnasi kwamba yeye sasa amechoka, na akirudi, yule ambaye hakumtia aibu ndiye atakayefungiwa fundo lote.

Nimetangaza papo hapo kwamba nitafunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi kumwombea safari njema. Nasiha kacheka puani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata.

Nitabadilisha vitasa vyote. Milango saba, ufunguo mmoja. Ufunguo huo nitakuwa nao mimi. Funguo za Nasiha zitakuwa vyuma vya kuchezea watoto, na shangazi akirudi atamkuta mtu mmoja tu awezaye kumfungulia nyumba yake: mimi, Khubaib dalali, mwanawe wa pekee kwa mapenzi ingawa si kwa kuzaa.

Lakini huwezi kubadilisha vitasa vya watu bila sababu. Kwa hiyo nimetoka hadi barazani, nikamnong'oneza mtu mmoja, mmoja tu, kwamba kuna mwizi anazunguka na tita la funguo bandia. Nikarudi ndani kulala kidogo.

Baada ya alasiri habari ikanirudia. Mwizi amekuwa wezi watatu. Mmoja alikuwa mwalimu. Wanapuliza unga kwenye tundu la ufunguo, na mwenye nyumba anasinzia hapo hapo alipo, hata akiwa anakula. Nimeogopa mwenyewe. Nimeziba tundu la mlango wangu kwa kitambaa.

Kanze, ambaye ni muuguzi na hurudi kazini amechoka, kaja kuniomba nifanye jambo, maana anakaa peke yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Nasiha kauliza ni nani hasa aliyemwona huyo mwizi. Nikasema watu. Kauliza watu gani. Nikasema watu wasiopenda kutajwa.

Jumatano, 5 Novemba

Kutafuta fundi ni kazi kuliko kutafuta mchumba!

Nilianza upande wa Buxton, kwa fundi niliyesifiwa sana. Mtu wa maswali. Mali ni ya nani? Mwenyewe yuko wapi? Karidhia? Nyumba zenyewe zinapakana au zimetengana? Milango ya mbao ngumu au ya bati? Kataka kuja kuuona kila mlango kwanza, hata wa shamba, na kataka kuzungumza na shangazi kwa simu. Nikamwambia shangazi yuko ibadani. Akasema atangoja. Nikamwambia angojee huko huko.

Kisha, alhamdulillahi, nikampata Gunga. Ana meza yake karibu na Marikiti, chini ya ubao uliochorwa ufunguo mkubwa mithili ya papa. Huyu hakuuliza chochote. Kaniambia yeye hafungi mlango, yeye anauoza kama bibi harusi. Nikampenda.

Kasema kuna njia mbili. Ya kwanza, kila mlango uwe na ufunguo wake usiofungua mwingine, halafu uchongwe ufunguo mkuu mmoja unaoingia kote. Hiyo ni kazi ndefu, ya tupa na subira. Ya pili, vitasa vyote viwe sawa, ufunguo mmoja kwa vyote, na anavyo katoni nzima tayari. Nikauliza ipi ya haraka. Ya pili. Basi ya pili! Ufunguo ni ufunguo. Watu hupenda kuzungusha mambo.

Malipo tumeelewana kiungwana. Gunga atachukua makufuli na vitasa vyote vya zamani. Hasa kalitaka lile kufuli la shaba la nyumba kubwa, zito, lenye maua, alilolinunua marehemu mume wa shangazi mwaka waliooana. Nimesita kidogo. Kisha nikajiambia kwamba shangazi amezeeka na kufuli lile linamchosha mkono. Ni huruma tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Sunna. Nimefunga mpaka kaimati zilipoletwa.

Gunga kafika mapema na sanduku lake. Kumbe kazi ya kitasa si kitasa, ni hodi! Kila mlango kapiga hodi, kajibiwa angoje, kina mama wavae buibui. Wakishavaa, hawawezi kumwacha fundi akae bila chai. Chai ina kaimati. Kaimati zina maongezi. Gunga kawasimulia juu ya bwana harusi aliyejifungia chooni siku ya harusi yake, hadithi ndefu, na kwa kila nyumba bwana harusi alikaa zaidi chooni. Mlango wa Kanze ulichukua muda mfupi. Hodi yake ilichukua asubuhi nzima.

Ustadh Abdulghafur wa madrasa kawasimamisha watoto wote watazame, akasema elimu ni elimu. Watoto wakajua kufungua kitasa kabla yangu.

Nyumba kubwa tumeimaliza mwisho. Nasiha hakuwepo, kaenda kupeleka nguo za watu. Nikamtolea Gunga ngazi ghalani, nikamshikia, akaling'oa kufuli la shaba na mnyororo wake. Limetoka kwa sauti nzito. Sikulitazama sana.

Nasiha karudi, kakuta kitasa kinang'aa mlangoni pa shangazi na ufunguo wake hauingii kokote. Nilijitayarisha kwa kelele. Hakupiga kelele! Kauliza tu liko wapi kufuli. Nikasema nimelihifadhi. Kanitazama, kisha kachukua kikapu chake, kasema anakwenda Marikiti kununua bizari. Saa hiyo! Mwanamke akishindwa hukimbilia jikoni.

Jumamosi, 8 Novemba

Shamba.

Tumevuka Feri na Gunga, yeye na sanduku, mimi na mwavuli. Kila mchuuzi pale kamsalimu kwa jina. Kapewa muwa wa bure. Mimi nimeuziwa korosho zilizokwisha.

Kombe, mlinzi wetu wa shamba, katupokea kwa furaha. Mlango wa nyumba ulifungwa kwa kamba kama siku zote. Kombe kafungua fundo kwa meno, kwa adabu, akatukaribisha ndani. Nikamweleza kwamba zama za kamba zimekwisha. Kaniuliza je, kamba aitupe? Nikasema itupe. Kaiviringa, kaitia mfukoni.

Gunga katia kitasa mlango wa mbele. Kimekaa vizuri, kinang'aa, mtu anajiona humo. Kisha Kombe kamwuliza na lile tundu la ukuta wa nyuma je, ambalo mbuzi hupita kuingia jikoni? Gunga kasema yeye ni fundi wa milango, si wa kuta. Nimeona ni jibu la kitaalamu. Mbuzi katupita sote akiingia ndani, hakutazama hata kitasa.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya fahari. Nimewakusanya wote uani, nikavaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, nikatoa hotuba juu ya amani na umoja. Kisha nikagawa funguo mpya, maana tangu Alhamisi nimekuwa nikiwafungulia mimi. Kwani kila mtu lazima apate ufunguo wa mlango wake, si ndivyo? Kanze wake. Ustadh wake. Kombe nimeshampa wake jana. Nasiha nimemkabidhi wa nyumba yake kwa mkono wa kulia na tabasamu.

Kaupokea. Kaugeuza. Kautazama wake, kautazama wa Kanze, kautazama wa Ustadh. Kaniuliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika kama leo. Kasema haya, jazakallahu kheri.

Amesalimu amri! Nimekula wali wa nazi sahani mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Sunna tena. Adhuhuri nimejifungia chumbani kwa ufunguo wangu mpya, nikatandika mkeka, nikafunua samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Moyo umetulia. Tonge la kwanza halijafika kinywani, mlango ukafunguka!

Nasiha. Kasimama kizingitini na ufunguo mkononi, na nyuma yake Ustadh Abdulghafur, na nyuma ya Ustadh watoto wa madrasa.

Nimesema ni mgonjwa. Ustadh kauliza ugonjwa gani. Nikasema wa ghafla. Mtoto mmoja kauliza kama samaki ndiye dawa. Ustadh kamziba mdomo, lakini naye mabega yalikuwa yakimtikisika.

Nasiha kaurudisha mlango taratibu, kaufunga kwa nje kwa ufunguo wake. Nikasikia: kwii, kwaa. Kisha nikasikia anakwenda, anajaribu mlango wa ghala. Kwii, kwaa. Wa madrasa. Kwii, kwaa. Wa nyumba kubwa.

Hapo ndipo nilipofahamu.

Samaki sikummaliza. Naam, nilimmaliza, lakini bila raha.

Jumatano, 12 Novemba

Ua umekuwa soko. Kanze alikwenda kazini, karudi kakuta nguo zake zimeanuliwa na kukunjwa kwa sababu mvua ilinyesha. Hajui ni nani. Kafurahi! Ustadh kaingia ghalani, kachukua sufuria kubwa ya harusi, kaiosha, kairudisha. Mtu kachukua sukari yangu. Mtu mwingine kaacha chumvi. Wembe wangu umehamishwa. Mimi peke yangu ndiye sina raha. Kila mlango ukilia, narukaruka kama nimekalia siafu.

Nimejaribu kuzirudisha funguo. Nimewaambia fundi anataka azipake mafuta. Kanze kasema wake amekwisha kuupaka. Ustadh kasema kitu kikishatolewa hakirudishwi, na kaleta ushahidi wa Kiarabu. Nasiha kaendelea kushona na kuimba. Anaimba!

Nimekwenda mbio kwa Gunga abadilishe vitasa upya. Meza yake imefungwa. Muuza mihogo wa jirani kasema Gunga kaenda msibani Kaloleni na haijulikani atarudi lini. Na kufuli la shaba je? Muuza mihogo hajui. Kwenye ubao wake vimetundikwa vitasa vyetu vya zamani, ila lile halimo. Sikupenda hivyo. Nikanunua mihogo kujituliza.

Nilipofika nyumbani Nasiha kaniuliza tena, kwa upole kabisa, kufuli la shangazi li wapi. Nikasema lipo ghalani, nimelifunga kwenye kitambaa cha pamba lisipate kutu. Kasema alhamdulillahi. Kasema shangazi kapiga simu kutoka Makka, kasema amelia mbele ya Kaaba na ufunguo mkononi.

Nimekosa hamu ya kula usiku.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepata nguvu. Mambo si mabaya kama yanavyoonekana. Shangazi hajui kwamba funguo zote ni sawa, na hakuna haja ya kumwambia. Kesho akirejea nitasimama mlangoni pa nyumba kubwa, mbele ya watu, na nitafungua mimi kwanza. Atakayewahi ndiye mwenyewe. Kufuli nitamwambia limepelekwa kusuguliwa. Ahadi ya mbele husahaulika.

Na kwa heshima yake nitachinja mbuzi. Nimempigia Kombe alete mmoja kutoka shamba, mnono. Kombe kauliza akifika afikie wapi, na sisi sote tukiwa uwanja wa ndege? Nikamwambia asinisumbue kwa mambo madogo, atumie akili yake. Kasema sawa, ufunguo anao.

Nikakata simu.

Jumamosi, 15 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Shangazi kafika, kavaa nyeupe, uso unang'aa, chupa za Zamzam mkononi. Uchochoro umejaa watu, udi unafuka, kina mama wanapiga vigelegele. Mimi mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi, ufunguo tayari.

Shangazi kanipita. Kaenda moja kwa moja mlangoni, kavuta uzi shingoni, katoa ufunguo wake. Kanyanyua mkono kulitafuta kufuli la mumewe.

Mkono ukabaki hewani. Kapapasa mbao. Kapapasa pale palipokuwa na mnyororo, pamebaki matundu mawili tu. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Kauliza kufuli langu li wapi. Nikamweleza juu ya wezi, unga, usalama, vitasa vya kisasa, ufunguo mmoja. Kauliza huo mmoja anao nani. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: ni mimi, shangazi, mimi peke yangu.

Kanze, Mungu amsamehe, hakuwa na nia mbaya. Alimwona mzee kasimama juani. Kasema hebu nimfungulie mama, akatoa ufunguo wake. Ustadh naye kasema ngojeni, wangu u karibu, akatoa wake. Nasiha kainua wake juu. Mtoto wa madrasa kanyanyua wa babake, nakala iliyochongwa kutoka ule wa Ustadh. Mtoto! Hata sikumjua!

Shangazi kawatazama wote. Kaniuliza, taratibu sana, "Khubaib, mtaa mzima una ufunguo wa chumba ninacholala?"

Nikaanza upya na habari ya wezi. Mlango ukafunguka kutoka ndani.

Kombe. Peku, kanawa uso, ametabasamu. "Karibuni ndani," kamwambia shangazi Bimdogo, kwenye nyumba yake mwenyewe. "Karibuni, karibuni, msisimame nje."

Na nyuma yake sebule nzima. Sikujua, hakuna aliyejua! Kila mmoja alikuwa ameingia kwa siri, kwa ufunguo wake, kumwandalia shangazi jambo la kumfurahisha. Kanze kaacha wali wa nazi. Mke wa Ustadh kaacha mikate ya sinia. Kulikuwa na biriani, viazi vya karai, maua ya asumini yametandazwa kitandani. Na katikati ya yote hayo kasimama mbuzi, mnono kama nilivyoagiza, akimalizia asumini. Biriani alikuwa ameshaimaliza. Kombe kaeleza kwamba alimtia ndani kwa usalama, kwa sababu kasikia kuna wezi.

Watu wakacheka. Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Hata shangazi mdomo ukamcheza. Nikaona penye mwanya, nikacheka mimi pia, nikasema mnaona, huu ndio umoja niliokuwa naukusudia!

Shangazi kaacha kucheka. Kauliza tena, "Na kufuli la mume wangu?"

Nikasema linasuguliwa. Nasiha kafungua kikapu. Kalitoa. Kumbe ile siku ya bizari alikwenda kwa Gunga, kalikuta limetundikwa ubaoni, kamwambia mwenye kufuli hili yuko mbele ya Kaaba sasa hivi, ameshika ufunguo wake, anamwombea kila aliyeligusa. Gunga kalitungua haraka, kampa, kamwomba amwambie shangazi kwamba yeye alilishika kwa ncha za vidole tu. Tangu siku hiyo Nasiha alikuwa nalo. Tangu siku hiyo alikuwa ananiuliza, na mimi nikimjibu pamba na kutu!

Shangazi kalipakata. Katia ufunguo, kazungusha, likafunguka. Akalia. Hakulia kwa kelele, alilia tu, kalikumbatia kifuani kama mtoto. Kasema mumewe alilibeba mwenyewe kwa mguu kutoka bandarini, na siku ya kwanza walikosa mlango wa kulitia, wakalala nalo chini ya mto.

Nimeona aibu. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini nilipofungua mdomo shangazi kainua mkono.

Kazikusanya funguo zote, za kila mtu, kazifunga kwenye pembe ya leso ya Nasiha, fundo juu ya fundo. Mimi kanifungia mmoja tu. Wa shamba, na kasema vitasa vya uani vitabadilishwa vyote kabla sijavuka Feri. Kasema niende leo leo nikakae na Kombe mpaka yeye mwenyewe atakapousahau uso wangu.

Jumapili, 16 Novemba

Shamba. Upepo mzuri. Mbuzi amerudi pia, kasamehewa, na sasa analala chumbani kwangu.

Nimefikiri sana, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Si langu. Kosa ni funguo! Penye ufunguo pana wa pili, na penye wa pili pana fitina. Shangazi ataelewa hilo siku moja. Na ni nani atakayemwonyesha? Hapa kuna nyumba, jiko, ghala la nazi, zizi na lango. Milango mitano, na hakuna Nasiha!

Nimempata fundi mpya, kijana wa Likoni, ana vitasa vya kubonyeza namba. Hakuna ufunguo kabisa! Anayeijua namba ndiye anayeingia, na nitaijua mimi peke yangu. Kauliza namba ziwe tofauti kwa kila mlango? Nikamcheka. Namba moja kwa milango yote.

Namba yenyewe nimechagua ambayo siwezi kuisahau hata nikiwa na homa: nne za mwisho za simu yangu. Kazi imekwisha kabla ya magharibi. Kisha, kwa kuwa udalali haulali, nikachukua rangi nyekundu, nikaandika kwenye lango kwa herufi kubwa za kuonekana mpaka barabarani: DALALI KHUBAIB, VIWANJA NA NYUMBA, PIGA. Na chini yake namba yangu, yote, vizuri, nne za mwisho nikizikoleza zaidi ili zisomeke.